Mshairi kumtoa mfalme kitini kwa kejeli, ni haki au kuvuka mpaka?

Wakuu habari zenu. Nina swali kuhusu hadithi za kale za Ireland, huyu Coirpre mshairi wa Tuatha Dé Danann (jamii ya kimiungu ya hadithi hizo) alifanya sawa au alizidisha? Kwa wasioijua, mfalme wao Nuada alikatwa mkono vitani, na kwao mwenye kilema hatawali, basi wakamweka Bres, hendsamu kweli kweli ila mkono wa birika, yani bora hata yule wa mkono mmoja. Watu wanatoka kwake visu havijagusa mafuta na midomo hainuki pombe, Dagda, mkubwa wao, mtu mzima na heshima zake anachimbishwa ngome, shujaa wao Ogma anabebeshwa kuni. Coirpre kaja mgeni kapewa kijumba cheusi hakina moto wala kitanda, na vimkate vitatu vikavu kwenye kisahani. Asubuhi hakuaga kwa shukrani, akatunga mistari michache tu, kukosa chakula sahanini, kukosa maziwa, kukosa pa kulala gizani, hayo yote yawe ya Bres. Wanasema ndo kejeli ya kwanza kutungwa Ireland na tangu hapo Bres hakuinuka. Mi nasema haki yake kabisa, mgeni ni mgeni bana.

Mkuu umechagua kisa kinachokubeba. Mbona mshairi mwingine, Nede, humtaji? Ami yake Caier, mfalme wa Connacht (magharibi mwa Ireland), hana mtoto akamchukua kama mwanawe, mke wa Caier akamtamani kijana wakapanga njama, Nede aombe kisu ambacho Caier ana mwiko wa kukitoa, aliponyimwa akapata kisingizio cha kumtungia. Alfajiri Caier anaenda kunawa anakuta kejeli imemtoa malengelenge matatu usoni, jekundu, la kijani na jeupe. Akakimbia kwa aibu, Nede akakalia kiti. Huo ushairi au uporaji?

Nilijua tu mtamleta Nede 😂 malizia basi hadithi. Mwaka ukapita roho ikamsuta akamfuata ami yake kwenye ngome ya Dún Cermna alikokimbilia, Caier kumwona tu akafa kwa aibu nyuma ya mwamba, mwamba ukapasuka kipande kikamwingia Nede jichoni naye akafa. Halafu sheria zao za kale zilikuwepo, ukimtungia mtu bila haki unalipa fidia kulingana na cheo chake.

Fidia kitu gani, Caier keshakufa. Na hao washairi waliwachosha watu kwa kudai, wanazunguka na misafara yao wanataka kulishwa, inasimuliwa mpaka mkutano wa wafalme pale Druim Cett mwishoni mwa karne ya 6 ikatakiwa wafukuzwe wote, Mtakatifu Columba, mtawa wa Ireland, ndo akawatetea wakabaki ila wakapunguzwa. Watu wema hawafukuzwi hivyo.

Haya, Caier hilo nakupa, lilikuwa dhuluma. Ila turudi kwa Bres, kaka, pale nani mwingine angemwambia? Dagda alikuwa anachimba.