Re: Shamba la marehemu baba Nzega na fidia ya bomba

Kutoka: Dada wa Nzega (Houston)

Mwangaluka ndugu zangu wa Tabora popote mlipo. Wakubwa wote shikamooni.

Naomba mawazo yenu, mnisamehe nikiandika kirefu. Baba yetu alifariki 2015, akaacha shamba wilayani Nzega, upande ule linakopita bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kwenda Chongoleani, Tanga. Kipande cha shamba kikaingia kwenye mkuza, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa bomba. Fidia ilishalipwa zamani. Mama hakupata hata shilingi.

Wiki iliyopita mdogo wangu wa kiume alinirushia kwa WhatsApp picha ya fomu ya uthamini. Jina la mmiliki ni la binamu yake baba, mtu ambaye hajawahi kushika jembe pale hata msimu mmoja. Dole gumba la mama lipo, kwa wino wa zambarau, chini kabisa ya karatasi, penye nafasi ya shahidi. Mama hajui kusoma. Anasema aliambiwa aweke dole ili miembe yake ihesabiwe. Mthamini simlaumu, kwani aliandika jina aliloletewa. Jina lilitoka nyumbani, na aliyelipeleka ana ndugu yake kwenye uongozi wa kijiji.

Kila ninayempigia simu ananiambia niache. Shangazi amefika kusema, "Mafuta ni ya wakubwa mwanangu, wewe tulia na Marekani yako." Nimelia sana juu ya neno hilo. Mimi ni mtu wa zamu za usiku, nalea wazee wa watu. Asubuhi nikirudi napita chini ya maghorofa ya kampuni za mafuta ya mji huu, namfikiria mama anavyokaa chini ya mwembe uliobaki.

Maswali yangu ni mawili. Je, naweza kumpa mdogo wangu mamlaka ya kisheria nikiwa huku? Na je, kwa kuwa nilichukua uraia wa Marekani, nimejifungia mlango?

Kutoka: Kaka wa Isevya (Minneapolis)

Dada, pole sana. Nakwambia ninachokiamini, usinichukie: utapoteza nauli na usingizi bure. Kesi ya ngedere umpelekee nyani!

Hata huko Texas uliko ni yale yale. Mzee Bush alianza na visima vya mafuta magharibi ya Texas, akaishia kuwa rais. Mwanawe naye akafungua kampuni ya mafuta Midland, naye akawa rais 2001. Makamu wake, Dick Cheney, alitoka moja kwa moja kuwa mkurugenzi mkuu wa Halliburton, kampuni ya huduma za visima vya mafuta, na vita ya Iraq ilipokuja, kampuni tanzu ya Halliburton ikapewa kazi ya visima vya Iraq bila ushindani wa zabuni. Donald Trump naye 2017 akamchukua bosi wa ExxonMobil, Rex Tillerson, akamfanya waziri wa mambo ya nje. Kwetu Zanzibar amekuwa rais Karume baba na Karume mwana, Mwinyi baba na Mwinyi mwana. Bara, mtoto wa Rais Kikwete yuko bungeni tangu 2014. Mimi nimebeba boksi miaka kumi na sita, sijaona nchi ambayo mtoto wa mkulima anashindana na hao kwenye uwanja ulio sawa. Msaidie mama na ulichonacho, mengine mwachie Mungu.

Kutoka: Mjomba (Aberdeen)

Marahaba mwanangu wa Houston. Marahaba na wewe wa Isevya.

Nimewasoma jana usiku, nikaamka kabla ya zamu niandike, maana jambo hili limenikaa kifuani. Mji ninaoishi unakula mafuta ya Bahari ya Kaskazini kama sisi tulivyokula tumbaku Urambo, kwa hiyo maneno ya bomba, mkuza na fidia nayasikia kila siku.

Isevya, uliyosema juu ya Bush na Cheney ni kweli, na sitamtetea kiongozi yeyote hapa. Nami siwaamini. Ila jiulize: wewe na mimi, watoto wa reli ya kati, tumezijuaje habari za Halliburton? Hakuna aliyetuletea kwa huruma. Mtu anayeingia madarakani kule analazimika kujaza fomu za mali na hisa zake, na watu wakazisoma. Kampuni ya mafuta ya Chevron walikuwa na meli ya mafuta yenye jina la Condoleezza Rice, kwa kuwa alikaa kwenye bodi yao. Alipokuwa mshauri wa usalama wa Ikulu, 2001, meli ikabadilishwa jina ikaitwa Altair Voyager. Chuma kilipakwa rangi mpya, ila watu walikuwa wameshaandika. Pia nikiri pale karatasi iliposhindwa. Mwaka huohuo Cheney aliongoza kikosi cha kutunga sera ya nishati, akakataa kutoa kumbukumbu za aliokutana nao. Watu wakaenda mahakamani, kesi ikafika hadi Mahakama Kuu kabisa ya nchi 2004, na mwisho wa safari yeye akashinda. Sidanganyi mtu kwamba ukidai utapata.

Sasa rudi kwetu. Wakubwa wetu nao walikuwa na nguvu 2014, kwenye fedha za Escrow ya Tegeta, akaunti ya malipo ya umeme yaliyokuwa na mgogoro, zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka Benki Kuu. Jambo hilo alilipigia kelele David Kafulila, wakati huo mbunge wa Kigoma Kusini. Kamati ya Bunge iliyolichambua iliongozwa na Zitto Kabwe, naye wa Kigoma, jirani zetu wa mwisho wa reli. Kelele peke yake isingefika popote. Kilichofika ni ripoti ya Mkaguzi Mkuu, yenye tarehe, miamala na majina ya waliopokea. Desemba 2014 Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, waziri wa ardhi Anna Tibaijuka akaondolewa, na Januari waziri wa nishati Sospeter Muhongo akaachia ngazi. Miaka sita kabla yake, Februari 2008, Edward Lowassa alikuwa ameacha uwaziri mkuu kwa ajili ya Richmond, kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura, baada ya kamati ya Bunge kuweka mezani ilichokikuta. Yote mawili yalikuwa mambo ya umeme. Tunaweza kubishana kama waliadhibiwa inavyostahili. Mimi naona bado. Lakini waliondoka, na hawakuondoshwa na sisi tunaonung'unika vijiweni.

Niwape la nyumbani. Mwaka 1994 baba yangu aliuza tumbaku kwenye chama cha msingi ambacho sitakitaja. Malipo yalipochelewa, ndugu wa mwenyekiti walilipwa kwanza, sisi tukaambiwa fedha zimekwisha. Baba alikuwa na kopo la Blue Band juu ya kenchi, ndani yake stakabadhi zote tangu msimu wa kwanza, zimekunjwa, zimefungwa kwa ugwe wa kufungia tumbaku. Siku ya mkutano mkuu alizimwaga mezani, akazisoma moja moja, kilo na daraja, kilo na daraja, mbele ya wanachama wote. Hakutukana mtu. Ilichukua saa nzima, watu wakaanza kuleta za kwao. Wiki iliyofuata tukalipwa. Ninalikumbuka hilo kopo kuliko hotuba yoyote niliyowahi kusikia.

Kwa hiyo mwanangu, shika haya.

Kwanza, acha mamlaka ya kisheria kwa sasa. Shamba ni la marehemu, wewe huna cha kukabidhi bado. Kinachotakiwa ni mirathi. Mdogo wako aitishe kikao cha ukoo, muhtasari uandikwe, waliohudhuria wasaini, kisha achukue cheti cha kifo na barua ya serikali ya kijiji aende Mahakama ya Mwanzo aombe kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Akishateuliwa, yeye ndiye mwenye sauti mbele ya halmashauri, mbele ya wenye mradi na mbele ya huyo binamu. Na kama binamu hakubali, pa kwenda ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Pili, uraia wako. Ni kweli sheria yetu hairuhusu uraia pacha, na asiye raia hawezi kumiliki ardhi kama mwananchi. Ndiyo maana nasema jina lako lisitangulie, atangulie mama na mdogo wako. Hadhi maalumu kwa watu wa diaspora ilipitishwa na Bunge 2025. Uliza ubalozi Washington masharti yake kabla hujalipa mtu yeyote anayejiita wakala. Ukihitajika baadaye kutoa tamko, utasaini mbele ya notari hapo Texas kisha hati ithibitishwe, na ubalozi huohuo ndio utakaokupa mpangilio.

Tatu, fidia yenyewe. Kanuni za ardhi za 2001 hazisemi bei ya ardhi peke yake. Kuna mazao na miti, posho ya usumbufu, usafiri, na kwa aliyepoteza nyumba kuna posho ya makazi inayopigwa kwa kodi ya miezi 36. Malipo yakipita miezi sita kuna riba. Ombeni nakala ya jedwali lote la uthamini, mlinganishe na shamba. Mkuza wa bomba una upana wa mita 30, na juu yake hamtajenga wala kupanda miti ya mizizi mirefu tena, kwa hiyo msiwaze kuurudisha. Waza fedha, na waza mipaka ya kilichobaki, maana ndicho watakachokigombania kesho.

Na ukitaka kujua mkubwa ni nani hasa kwenye bomba hili, halijafichwa: kilomita 1,443, TotalEnergies asilimia 62, Uganda 15, TPDC, shirika letu la mafuta, 15, CNOOC, kampuni ya mafuta ya China, 8. Mabomba yake yametiwa koti la kuhifadhi joto pale Sojo, Nzega kwetu, kwa kuwa mafuta ya Uganda huganda yakipoa. Asilimia 15 zile ni za mama yako pia.

Kutoka: Mama wa Ipuli (Leicester)

Mjomba shikamoo. Nakubaliana nawe karibu yote, ila kuna mahali umepita haraka, na ndipo wanawake tunapoangukia.

Umesema kikao cha ukoo. Kikao hicho atakaa nani? Huyohuyo binamu na nduguye wa kijijini! Watasema kwa mila zetu mjane hana urithi wa ardhi, na wataitoa ile sheria ya mila iliyoandikwa 1963, ambayo kweli inamnyima. Mimi nimeyaona kwa dada yangu, alitolewa kwenye nyumba na mashemeji arobaini haijafika. Tunalia na watoto wa marais, ilhali upendeleo wa ukoo tunaupikia chai sebuleni.

Dada, mdogo wako aende na hoja mbili mkononi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema wazi mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume. Tena wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu kabisa, mafundi cherehani waliofukuzwa na wakwe, walifika hadi kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na 2015 ikasema Tanzania ilivunja haki zao. Na muhtasari usisainiwe mpaka mama asomewe kila mstari kwa Kinyamwezi, na mtu asiye wa upande wa binamu. Dole moja la kudanganywa linatosha.

Kutoka: Kaka wa Isevya (Minneapolis)

Mjomba, Mama, nimesoma. Bado siwaamini wakubwa, na sidhani nitawaamini. Lakini nilimwambia dada aache, na hilo naliondoa. Nina rafiki tuliyesoma naye Tabora, ni wakili. Nitamwomba amsindikize mdogo wako mahakamani. Nauli ya siku hiyo ni juu yangu, dada, usikatae.

Kutoka: Dada wa Nzega (Houston)

Asanteni. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nazungumza na mama, simu tatu, saa nzima kila moja.

Nilimuuliza kama kuna karatasi yoyote ya baba. Akanyamaza, kisha akasema lipo begi la nguo za marehemu ambalo hakuwahi kulifungua tangu msiba. Mdogo wangu amelifungua jana. Wamekuta kadi yake ya chama cha pamba, risiti za mbegu, na karatasi moja ya daftari ya 1987, mwandiko wa baba, yenye mhuri wa kijiji: amepewa eneo, mpaka mmoja korongo, mwingine njia ya ng'ombe, wa tatu miembe. Mashahidi wanne. Watatu wamefariki. Wa nne ni babake huyo binamu, mzee sana sasa, na saini yake ipo.

Kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo. Mama amesema mzee huyo ataletwa kwa baiskeli, na karatasi atasomewa mbele ya watu wote. Mimi nimeomba wanibadilishie zamu ili niwe kwenye simu tangu mwanzo.