Tupeane uzoefu: Kuutembelea mji mkongwe wa Pangani na mto wake

Wadau, salaam. Naomba tuutumie uzi huu kupeana uzoefu wa kuutembelea mji wa Pangani, mkoani Tanga, hasa kwa wale walioingia mitaani na kuvuka mto, kwa kuwa wageni wengi hupita tu wakielekea kwenye hoteli za ufukweni Ushongo, na mji wenyewe huuona kwa muda ule wa kusubiri pantoni. Naanza mwenyewe.

Nilitokea Tanga mjini, mwendo wa kilomita 50 hivi. Kilichonivuta ni Boma la zamani pamoja na nyumba za wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi waliotajirika kwa pembe za ndovu, sukari na, tusifiche, watumwa. Katika nyumba moja iliyobomoka ubavuni niliona wazi jinsi ukuta ulivyojengwa: mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na juu yake vichwa vya boriti za mikoko vikiwa bado vimekaa kwenye matundu yake. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwani upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti. Kila masika ikipita, kuta hizo hupungua, na hilo liliniumiza kuliko yote niliyoyaona pale.

Vita vya Bushiri navyo vilianzia hapa. Agosti 1888 maofisa wa kampuni ya Kijerumani walikuja kupandisha bendera yao na kushika forodha, kwa mkataba walioufunga na Sultani wa Zanzibar. Watu wa mji wakakataa, na Bushiri bin Salim akawa kiongozi wao. Hermann Wissmann, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliuteka tena mji Julai 1889, na tarehe 15 Desemba mwaka huohuo Bushiri alinyongwa hapohapo Pangani. Habari hizi tulizikariri shuleni, lakini mtu akisimama mdomoni mwa mto, akaona mji ulivyo mdogo na jahazi zinavyolazimika kupita mbele yake, ndipo anapoelewa kwa nini aliyeshika forodha alikuwa ameushika mji mzima.

Msafiri wa Moshi
Ahsante kwa uzi huu, ndugu yangu. Mimi nilikwenda Pangani kwa sababu ya mto wenyewe, maana maji yake ni ya kwetu: Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka kupitia Korogwe na mitambo ya umeme ya Hale hadi baharini. Tulikodi mashua alasiri, maji yakiwa yanajaa, tukapanda nayo katikati ya mikoko hadi kwenye mashamba ya minazi. Nahodha alituonyesha minazi iliyobaki magogo matupu kando ya mto, akatueleza kwamba maji ya chumvi siku hizi yanapanda mbali zaidi kwa kuwa maji matamu yanayoshuka yamepungua. Sikuwa na la kujibu. Huku juu tunamwagilia mashamba mchana na usiku, na sasa kila nikiiona mifereji yetu nawakumbuka wakulima wale.

Binti Muheza
Nyongeza fupi kwa wanaojiandaa. Tafuteni mwenyeji wa kuwatembeza, kwa sababu nyumba nyingi hazina kibao chochote na mtu asiyejua huzipita. Boma ni ofisi ya serikali, hivyo ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walizikwa hai chini ya nguzo zake. Msikilizeni anayesimulia kwa heshima, hata kama mna maswali.

Mjukuu wa Kikogwe
Shikamooni wakubwa. Naomba msiishie upande wa mji. Mkivuka hadi Bweni mtakuwa karibu na Kikogwe, ambako mkonge wa nchi hii ulianzia. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai ni 62 tu. Hiyo ndiyo iliyopandwa huku, ikazaa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge. Babu yangu alikuwa mkata mkonge, na hadi uzeeni mikono yake ilikuwa na makovu ya miiba ya ncha za majani. Utajiri wa mkonge husimuliwa sana, ila waliokata hawatajwi, nami ningefurahi waongozaji wa wageni wakilisema hilo.

Mwanzisha uzi
Ndugu Mjukuu, nimekuelewa, na safari ijayo nitavuka. Sasa ninalo ombi. Daraja linajengwa Pangani kwenye barabara ya kwenda Bagamoyo, na watu watapita kwa kasi kuliko sasa. Mwenye picha za zamani za familia zinazoonyesha nyumba za kando ya mto azipige nakala na kuandika mwaka na jina la mtaa, kisha atueleze hapa ni nyumba ipi na kama bado imesimama.