Mitiki yangu imebaki vijiti katikati ya masika, nifanyeje?

MkulimaWaMuheza:
Habari wakuu, naombeni ushauri maana usingizi sina. Nina eka moja ya mitiki huku Muheza, miche 640, nafasi mita 2.5 kwa 2.5, nilipanda masika ya mwaka jana ikashika vizuri mno, mingine ilishanipita urefu. Mwezi wa nne wakaingia viwavi wakala majani ikabaki mishipa tu, ikachipua, wakarudi wakala tena. Kinachonichanganya, kiangazi cha Januari na Februari mitiki hiyohiyo ilipukutisha majani yenyewe na mvua ilipoanza ikachipua bila shida, sasa mbona safari hii vijani vinatoka vidogo na shina haliongezeki unene kabisa? Jirani anasema nimwage urea, mwingine anasema nikate yote nianze upya.

BabuMitiki:
Pole sana mkuu, usikate. Ile ya kiangazi na hii ni vitu viwili tofauti. Mtiki ukipukutisha wenyewe unajiandaa kwanza, unavuta naitrojeni kutoka kwenye jani unairudisha kwenye shina na mizizi, jani linadondoka limeshakamuliwa. Kiwavi anakula jani bichi na mali yote imo ndani. Na wamekuja wakati mbaya, masika ndo mti unapika chakula cha mwaka mzima na jani ndo jiko lenyewe. Kila ukichipua unachota wanga ulioweka akiba kwenye mizizi, mara ya kwanza inatosha, mara ya pili ndo hivyo vijani vidogo unavyoviona. Unene unakosa kwanza kwa sababu chakula kikiwa kidogo mti unatanguliza majani na mizizi midogo, shina linasubiri.

MamaTuriani:
Nakazia hapo kwa babu. Mtiki tunapanda kisiki, yaani mche wa kitaluni unakatwa unabaki mzizi na kipande kifupi cha shina, jani hata moja hakuna, na unaota! Kwa hiyo mzizi ukiwa na akiba mti haufi kirahisi. Kwaruza gome kwa ukucha, ukiona kijani uko hai. Ila kaka nikuulize, mbuzi hawaingii hapo? Au kuna mtu alichuma majani?

MkulimaWaMuheza:
Mbuzi hapana dada. Ila kijana wa shamba alichuma majani ya chini yote kama wiki mbili kabla ya viwavi, aliambiwa mti unarefuka haraka.

MamaTuriani:
Basi umepigwa mara tatu, siyo mbili. Majani ya chini ndo yanalisha mizizi zaidi, mti wa mwaka mmoja haurefuki kwa kuvuliwa nguo. Kupogolea matawi kwa ajili ya mbao kuna wakati wake na wakati huo haujafika, tafadhali mwambie aache kabisa.

BabuMitiki:
Urea usimwage sasa hivi, mti hauna majani ya kuitumia, mvua itaisomba, na kidogo kitakachoingia kitaleta majani laini ambayo viwavi wanayapenda. Pesa hiyo lipa vibarua wapalilie, mtiki haupendi kabisa kugombania mwanga na nyasi. Kila asubuhi geuza majani uangalie chini yake, viwavi wakiwa wadogo ponda kwa mkono au nyunyiza maji ya mwarobaini. Pale kilele kilipoliwa vitatoka vichipukizi viwili vitatu, usiharakishe kutoa, subiri majani yakomae ndo ubakize kimoja kilichonyooka, la sivyo utapata mti wenye panda.

MkulimaWaMuheza:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Nimekwaruza miti 40 leo jioni, 37 ni kijani mpaka juu, 3 imekauka juu ila karibu na ardhi bado kijani. Kesho vibarua wanaingia kupalilia. Hiyo 3 ning'oe?

BabuMitiki:
Usiing'oe mkuu, ikate sentimita chache juu ya ardhi, hapo kwenye kijani. Itachipua.