Je, ni haki kuwaua minki ili panya-maji wapone?

Wadau, naomba hili tulijadili kwa hoja. Nchini Uingereza panya-maji, mnyama wa gramu 150 hadi 350 hivi anayeishi kwenye kingo za vijito na vinamasi vya matete, amepungua kwa zaidi ya asilimia 90. Adui yake mkubwa ni minki, jamaa wa kicheche kutoka Amerika, aliyeanza kuletwa mwaka 1929 ili afugwe kwa ajili ya makoti ya manyoya. Wengi walitoroka wakazaliana porini, na sasa wanategwa na kuuawa. Ni haki?

Nasema ni haki, tena waondolewe wote.

Panya-maji akishtuka hujitosa majini, huvuruga tope kwa miguu asionekane, kisha huingia shimoni kwa mlango ulio chini ya maji. Kwa bundi na korongo anapona. Lakini minki jike ni mwembamba, anaogelea, na anapita mlango uleule. Akikuta vitoto humo, hakuna kinachosalia.

Wapo wanaosema fisi maji wakiongezeka watamfukuza minki. Imeonekana minki habanduki, anahamishia tu mawindo yake mchana. Hoja ya wanaosema tatizo ni kuharibika kwa makazi ya panya-maji ndiyo nzito: vinamasi vimekaushwa, kingo zinakanyagwa na mifugo, na penye matete mapana panya-maji huweza kuishi hata minki akiwepo. Hilo nakubali kabisa, na matete yarudishwe.

Kinachonikera ni utegaji wa nusunusu. Mmoja anatega kijito chake, jirani hategi, minki wapya wanaingia, na mauaji yanarudiwa kila mwaka bila mwisho. Huo ndio ukatili. Mashariki ya England, kwenye kaunti za Norfolk na Suffolk, watu wameungana kuweka maboya yenye mitego ya kizimba. Mlango ukifunga, ujumbe unaingia kwenye simu, mtu anakwenda kuangalia. Aliyenaswa akiwa bata au fisi maji, anaachiliwa. Minki huko karibu wameisha, na wakiisha hakuna tena wa kuuawa.

Mnaopinga mkisema makazi pekee yanatosha, nijibuni: vile vijito vyembamba vya katikati ya mashamba, visivyo na nafasi ya matete mapana, panya-maji wake mnawaachia nani?