MREJESHO: Breki na mafuta ya mkono kwa dereva aliyepooza miguu

Wakuu, niliuliza namna ya kufunga fimbo ya mkono kwenye gari ya otomatiki kwa mdogo wangu aliyepooza miguu, hapa Mwanza. Ahsanteni sana, imefungwa.

Mkono wa kulia unasukuma fimbo kufunga breki na kuivuta kutia mafuta (kuongeza mwendo). Wa kushoto unashika kirungu kilichofungwa kwenye usukani. Kabla ya kununua chochote, mpimeni dereva akiwa amekaa kwenye kiti chenyewe na mkanda umefungwa: je, anasukuma fimbo hadi breki inashika kabisa bila kiwiliwili kuinama? Mdogo wangu alikuwa anaegemea mbele, akawekewa mkanda wa kifua.

Fundi akimaliza, washeni injini kwanza (ikiwa imezimwa, pedali huwa ngumu na kipimo kinadanganya), kisha sukumeni fimbo kwa nguvu zote. Ikigusa dashibodi au goti kabla ya breki kufika mwisho, irekebishwe. Angalieni pia vibano vinavyoshika fimbo kwenye pedali: vikilegea huzunguka, na breki inapotea mkononi. Nati zikazwe upya baada ya siku chache za kuendesha. Msikubali kutoboa mahali palipo na airbag (mfuko wa hewa wa usalama).

Kwa mguu unaoshtuka wenyewe, wekeni bati la kukinga pedali.

Hendibreki ya kukanyaga, iliyopo kwenye gari nyingi za Japani, nayo inahitaji fimbo yake. Mlima wa Bugando hapa Mwanza haufai bila hiyo.