Mwanafunzi wa darasa la sita anayemuuguza mama yake: nianzie wapi?

Mwalimu wa Pwani ameuliza:

Salaam kwenu nyote. Ninafundisha darasa la sita katika shule ya msingi ya kijiji cha wavuvi, mkoani Tanga. Nina mwanafunzi wa kike wa miaka 13 ambaye tangu mwanzo wa mwaka amekuwa akichelewa namba ya asubuhi, akisinzia kipindi cha tatu, na kukosa shule siku moja au mbili kila wiki. Nasema kwa masikitiko kwamba nilimwadhibu mara mbili kabla sijamuuliza sababu.

Wiki iliyopita, nikisahihisha madaftari ya hisabati, nilikuta kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari lake jedwali alilolichora kwa rula: saa 12 asubuhi uji na dawa ya presha, saa 4 usiku kugeuza, saa 6 kugeuza, saa 8 kugeuza, saa 10 kugeuza na kubadili shuka. Mbele ya kila mstari alikuwa ametia alama ya vema kwa kalamu nyekundu, kama tunavyofanya sisi walimu.

Ndipo nilipojua kwamba mama yake alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kulia ukapooza na usemi ukawa mzito. Baba yuko dago, yaani kambi ya wavuvi, na hurudi baada ya wiki kadhaa. Bibi yupo nyumbani, lakini haoni vizuri. Mdogo wake yuko darasa la pili. Mtoto ameniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa anaogopa watu watakuja kumtenga na mama yake. Naomba mnishauri namna ya kuanza, bila kuivunjia heshima familia hii na bila kumfanya mtoto ajute kwamba alinieleza.

Ustawi Mstaafu amejibu:

Mwalimu, anza na hiyo hofu yake, kwa sababu mtoto akishaamini kwamba kusaidiwa ni kuchukuliwa, hatakueleza neno tena. Mfahamishe kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa haki ya kuishi na wazazi wake, na kwamba hakuna mwenyekiti wala ofisa anayeweza kumtenga nao kwa utashi wake tu. Jambo hilo huamuliwa na mahakama. Usimwahidi siri ambayo hutaweza kuitunza. Mwambie ni nani utakayezungumza naye na utasema nini, kisha umwombe mama mwenyewe ruhusa, maana usemi mzito hauondoi akili wala haki ya mtu kuulizwa mambo ya nyumba yake.

Wapo watakaokwambia kwamba kumuuguza mzazi ni wajibu wa mtoto na hakuna la kujadili. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 kinautaja kweli wajibu wa kuwasaidia wazazi, lakini kinaufungamanisha na umri na uwezo wa mtoto. Kumpikia mama uji ni msaada. Kumgeuza mtu mzima mara nne kila usiku, peke yake, ni kazi ya watu wazima iliyomwangukia mtoto, na nimeona wengi wakiisifu badala ya kuipokea.

Baada ya ruhusa ya mama, nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa ofisa ustawi wa jamii, na uombe suala lifike katika Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto ya kijiji. Uliza pia kama kaya hiyo ni mlengwa wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii unaozipa ruzuku kaya maskini. Kama ni mlengwa, waeleze mapema sababu ya utoro, kwa kuwa sehemu ya ruzuku huambatana na mahudhurio ya asilimia 80, na haitakuwa haki kaya ipunguziwe fedha kwa sababu mtoto alibaki nyumbani kumlisha mgonjwa. Ukikwama kote huko, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Binti wa Mkwezi amejibu:

Mwalimu, nimesoma habari za lile jedwali nikalazimika kuweka simu chini kwanza. Baba yangu alianguka kutoka kwenye mnazi nilipokuwa na miaka 11, akaumia uti wa mgongo, na mama alikuwa ameshafariki. Nilimhudumia hadi nilipomaliza darasa la saba.

Watu walikuwa wema sana kwa maneno. Kila aliyekuja kumjulia hali alisema mimi ni mtoto wa baraka, kisha akaaga, na sikumbuki hata mmoja aliyeniuliza kama nimekula. Sifa zile zilinifunga mdomo, kwa sababu mtoto wa baraka hawezi kusema kwamba amechoka, wala kwamba jana alimkasirikia baba yake kwa kujichafua mara ya tatu, akaenda kulia nyuma ya banda la kuku.

Lililoniumiza kuliko mzigo wote ni kumwogesha. Baba alikuwa akifumba macho na kugeuzia uso ukutani, nami nikitazama pembeni, na sote wawili tulinyamaza mpaka jioni. Baba mdogo alipokuja kulijua hilo, hakutoa hotuba: akawa anafika kila alfajiri baada ya swala, anamwogesha ndugu yake, anamvisha, ndipo anakwenda shambani. Haikuzidi nusu saa, lakini iliturudishia sitara, nami nikarudi kuwa binti yake.

Kwa hiyo nakuomba usimwondolee mtoto huyo kila kitu kwa siku moja. Zipo kazi ambazo atataka kubaki nazo, pengine kumsuka mama yake nywele au kumpa uji, kwa sababu ndizo zinazowaweka pamoja. Muulize ni kazi ipi inayomtisha na ipi inayomchosha, kisha mtafute mtu mzima wa kuibeba hiyo. Na ukienda nyumbani, mwamkie mama kwanza, kaa kwenye mkeka, usianze na habari za utoro.

Muuguzi wa Zahanati amejibu:

Nitaongeza machache ya kitabibu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza huhitaji kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgandamizo, kwa hiyo jedwali la mtoto huyo ni sahihi. Aliyemfundisha alifundisha vema, ila alimfundisha mtu asiyestahili kuachiwa kazi hiyo peke yake. Kugeuza kufanywe na watu wawili kwa kutumia shuka lililokunjwa chini ya mgonjwa, na mtu asivute kamwe mkono uliopooza, kwani bega huteguka kwa urahisi. Alishwe akiwa ameketi wima, kwa vijiko vidogo, abaki ameketi kwa muda baada ya kula. Akikohoa kila anapomeza, apelekwe kituoni. Mwombe mhudumu wa afya ngazi ya jamii awatembelee, akague ngozi na kupima presha.

Tena, mtoto aelezwe ugonjwa wenyewe. Mara nyingi hakuna anayemweleza, naye hujitungia sababu zake.

Mwalimu wa Pwani amejibu:

Nawashukuru kwa dhati, na naomba radhi kwa kuchelewa wiki tatu. Nilikwenda na mwalimu mwenzangu wa kike, tukamwamkia mama, tukakaa kwenye mkeka. Mama alitoa ruhusa kwa kunishika mkono na kuitikia kwa kichwa mara mbili. Mhudumu wa afya alipokuwa akieleza kwamba presha ilipasua mshipa kichwani, mtoto aliuliza kwa sauti ndogo kama mshipa unaweza kupasuka kwa sababu ya kujibizana, kwani asubuhi ile alikuwa amekataa kwenda kisimani. Alikuwa amelibeba hilo kwa zaidi ya mwaka mzima. Mhudumu alimjibu kwamba sivyo, akarudia, na mama naye akatikisa kichwa kukataa, machozi yakimtoka.

Ofisa ustawi ameandikisha kaya. Shangazi analala pale usiku nne kwa wiki, na majirani wawili wamegawana usiku mwingine miwili. Kazi ya kusuka nywele mtoto amebaki nayo mwenyewe, kwa kuomba. Sasa hufika saa 1:50 asubuhi na hukaa dawati la mbele. Alhamisi bado anasinzia, kwa kuwa Jumatano usiku bado hatujapata mtu mzima wa kulala pale, na ndio usiku tunaoutafutia mtu wiki hii.