Chama, umoja, jumuiya au kikundi? Neno la kuandika kwenye katiba

Kutoka Bremen

Ndugu zangu, habari za jioni. Rasimu ya katiba yetu inaanza hivi: "Sisi wanajumuiya wa chama cha umoja wa..." Maneno matatu, kitu kimoja. Tuko 23, Watanzania, Wakenya na Wakongo wa Lubumbashi, na tunataka kusajili Verein, yaani chama cha hiari kwa sheria ya Kijerumani. Nakala ya Kijerumani ndiyo itakayokwenda Amtsgericht, mahakama inayosajili vyama, lakini ya Kiswahili ndiyo tutakayoisoma mikutanoni. Tushike neno lipi?

Kutoka Köln

Dada, shikeni "chama". Ndilo linalolingana na Verein: lina wanachama, ada, katiba na viongozi wa kuchaguliwa. Ila msiliache peke yake. Mtanzania akisikia "Chama" bila nyongeza anafikiria siasa, kwa sababu CCM huitwa hivyo hivyo kila siku. Mkenya anafikiria watu wanaochanga fedha kila mwezi na kupokezana. Andikeni "chama cha utamaduni" au "chama cha kijamii" mara ya kwanza kinapotajwa, kisha "chama" inatosha.

"Jumuiya" ni pana zaidi. Ni watu wanaofungamanishwa na asili, imani au mahali, hata kama hawana kadi. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo za majirani, na Zanzibar hata asasi za kiraia zimezoea kuitwa jumuiya. Mtoto wa miaka 6 anayekuja kwenye sherehe zenu ni wa jumuiya, lakini si mwanachama. Mkichanganya maneno haya mawili, siku ya uchaguzi mtabishana nani apige kura. Basi "jumuiya" na "umoja" yafae kwa jina, na vifungu vyote viseme "chama" na "mwanachama".

"Kikundi" kinaashiria watu wachache wanaofahamiana. Tanzania neno hilo lina uzito wa kisheria pia: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inaweka vikundi vya kijamii vya fedha daraja la nne, chini ya SACCOS. "Shirika" liacheni kabisa. Linaleta picha ya ofisi, waajiriwa na wafadhili, na watu wataanza kuuliza mishahara.

Kutoka Berlin

Naongezea upande wa usajili, maana tafsiri mbaya inaumiza hapa.

Vorstand, yaani uongozi wa chama, isiandikwe "bodi". Kwetu bodi husimamia kwa mbali, kama bodi ya shule au ya wadhamini. Vorstand ndiyo inayotenda, inayotia sahihi na inayokiwakilisha chama mahakamani, kwa hiyo ni "kamati tendaji". Aliyemo humo ni "mjumbe", na aliye nje ni "mwanachama". Rasimu nyingi huandika "wajumbe wote watalipa ada", na kwa maneno hayo ada inaiangukia kamati peke yake.

Katiba itiwe sahihi na wanachama 7 au zaidi. Baadaye wakishuka chini ya 3, chama kinapoteza usajili. Sahihi za kamati kwenye barua ya maombi zithibitishwe na notari. Muhtasari wa mkutano wa kuanzisha chama uambatanishwe, ukionyesha nani alichaguliwa nafasi gani.

Kisha kuna "robo tatu". Sheria ya Kijerumani inataka robo tatu ya kura zilizopigwa ili kubadilisha katiba. Mkiandika "robo tatu ya wanachama", mmejifunga: kati ya watu 23 mtahitaji 18 waseme ndiyo, na huenda mkutano wenyewe ukapata 11. Kwa kura zilizopigwa, wote 11 wakipiga kura, 9 wanatosha. Wanaojizuia hawahesabiwi. Akidi nayo sheria haiwalazimishi, kwa hiyo msijiwekee ya nusu kwa mazoea ya nyumbani.

Kutoka Leipzig

Kaka wa Berlin amesema vema. Mimi nagusa fedha.

Mchango wa kupokezana una majina mengi: upatu au mchezo kwa Watanzania, chama kwa Wakenya, likelemba kwa Wakongo, ikimina kwa Wanyarwanda. Lolote lisiingie kwenye katiba, wala fedha zake zisipite kwenye akaunti ya chama. "Upatu" ndilo la hatari zaidi, kwa sababu mamlaka za Tanzania hulitumia pia kwa biashara ya piramidi, na mfasiri anaweza kulipeleka huko huko. Kijumbe wa mchezo, yaani anayekusanya na kugawa fedha, awe mtu mwingine, asiwe mweka hazina.

Rambirambi pia iangalieni. Mkitaka Finanzamt, ofisi ya kodi, itambue chama kuwa cha manufaa ya umma, fedha zake haziwezi kugawiwa wanachama kwa misiba na harusi zao. Mfuko wa misiba uwe kando, na kanuni zake ziseme "kamati inaweza kutoa". Msiandike "mwanachama ana haki ya kulipwa euro 3,000". Maneno "ana haki" yanaufanya mfuko uonekane kama bima, na bima inahitaji kibali.

Kutoka Bremen

Ahsanteni sana. Kifungu cha 1 sasa: "Chama hiki cha utamaduni kitaitwa Jumuiya ya Wazungumzaji wa Kiswahili. Kitasajiliwa, na baada ya kusajiliwa jina litaongezewa e.V." (Herufi hizo ni kifupi cha "eingetragener Verein", chama kilichosajiliwa.) Cha 4: "Mwanachama ni mtu aliyeomba kwa maandishi na kukubaliwa na kamati tendaji." Nimefuta "wanajumuiya" mahali 9.